GHALA LIMEJAA, CHUNGU HAKINA MBOGA

Maandishi ya mazungumzo na watumishi wa umma na wakazi wa Mollo, Sumbawanga, juu ya bustani za nyumbani, lishe na akiba ya chakula



Niliombwa nieleze habari za kilimo kidogo cha nyumbani, yaani kile kipande cha ardhi kilichopo kati ya jiko na shamba, ambacho katika nyumba nyingi za kwetu hakina kazi isipokuwa kuanikia nguo na kufungia mbuzi. Ningeweza kuanza moja kwa moja na mbegu na samadi. Hata hivyo najua kwamba mkulima wa Ufipa mwenye ekari zake tano za mahindi anaweza kujiuliza kwa nini asumbuliwe na mambo ya mchicha. Swali hilo ni la haki, na hapana budi lijibiwe kwanza.

Uwanda huu wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, haujulikani kwa njaa. Tangu miaka ya 1970, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa imehesabiwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi katika Tanzania. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, una kanda yake hapa Sumbawanga, na mahindi yanayonunuliwa hapa hupelekwa kulisha watu wa mikoa ambayo mvua imewanyima. Kila mwaka baada ya mavuno tunaona malori yakishuka yakiwa yamejaa. Hiyo ni heshima, nasi hatuna sababu ya kuionea haya.

Lakini upo upande wa pili. Katika utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16, asilimia 56 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano walionekana kuwa wamedumaa, yaani urefu wao ulikuwa chini ya kiwango kinachostahili umri wao. Hakuna mkoa mwingine wowote nchini uliokuwa na sehemu kubwa kama hiyo. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Dar es Salaam, ambako watu hununua hata jani la kisamvu, ilikuwa na takriban asilimia 15. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha nafuu fulani: Rukwa ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 50, na taifa hadi asilimia 30. Hata hivyo, mikoa mitatu iliyokuwa juu kabisa ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Yote ni ya Nyanda za Juu Kusini, na yote inalisha wengine.

Ndugu wananchi, nusu ya watoto ni mtoto mmoja kati ya kila wawili. Udumavu hauonekani kwa macho kama ugonjwa wa surua. Mtoto aliyedumaa hucheza, hucheka na huenda shule, na kwa kuwa mwenzake wa jirani naye ana kimo kilekile, mzazi haoni tofauti. Wengine husema sisi watu wa huku ni wafupi kwa asili. Kauli hiyo haisimami, maana mtoto mchanga wa Kifipa akipata malezi na chakula kinachomfaa hukua kama mtoto wa mahali pengine popote. Kinachopotea ni zaidi ya kimo. Ubongo hujengeka kwa kasi kubwa tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, muda ambao wataalamu wa lishe huuita siku 1000, na kilichokosekana katika siku hizo ni vigumu mno kukirudisha baadaye, hata kwa gunia zima la mahindi.

Basi inakuwaje ghala lijae na mtoto adumae? Sababu ni nyingi. Nitazitaja bila kuficha, ili mtu asije akadhani kwamba bustani ya mboga ni dawa ya kila kitu. Iko sababu ya maji yasiyo salama na vyoo visivyofaa, ambavyo humfanya mtoto aharishe mara kwa mara, na kile kidogo alichokula kisimfae. Iko sababu ya kazi za mama: msimu wa kulima na kupalilia ndio msimu wa mvua, mama hutoka asubuhi na kurudi jioni, na mtoto aliyeachwa nyumbani hupewa uji mara mbili mahali pa mara nne. Na iko sababu ya chakula chenyewe, ambayo ndiyo nitakayokaa nayo leo.

Mahindi ni chakula chema cha kutia nguvu. Upungufu wake ni kwamba protini yake haijakamilika, na mahindi meupe hayana vitamini A ya kutosha kutajwa. Yakikobolewa yakawa sembe, hupoteza pia sehemu kubwa ya madini na vitamini B iliyokuwamo katika pumba na kiini. Mtoto anayekunywa uji mwepesi wa sembe asubuhi, akala ugali kwa mchuzi wa maharage jioni, na kesho yake vivyo hivyo, hushiba. Tumbo lake limejaa, na kilio kimenyamaza. Ila mwili unaojenga mifupa, damu na ubongo haukupata vifaa vyake. Katika Kiswahili chetu cha bara mtu aliyekula ndizi na nyama anaweza kusema hajala, kwa sababu hakuona ugali. Mazoea hayo ya ulimi yamekuwa mazoea ya chungu.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla mahindi hayajatawala, chakula kikuu cha Ufipa kilikuwa ulezi, na ulezi una madini ya chokaa mara nyingi zaidi ya mahindi. Kuliambatana nao maharage, maboga, karanga, uyoga wa msimu, na samaki kutoka maziwa yote mawili. Katika miaka ya 1970 ulikuja mpango wa taifa wa mahindi, mbolea za ruzuku na bei moja ya serikali nchi nzima, na mkulima wa Sumbawanga aliweza kuuza mahindi kwa bei ileile aliyopata mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Mtu mwenye akili alilima mahindi, na alifanya sawa. Ruzuku ile iliondolewa hatua kwa hatua katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, mfumo wa bei moja nao ukawa umekwisha, lakini mahindi yalibaki. Leo tunayalima kwa ajili ya chakula na kwa ajili ya fedha pia, na mazao mawili katika moja ni hatari. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi na bei ikaanguka. Nyumba iliyokuwa na mahindi peke yake iliumia kotekote: fedha hakuna, na mezani ni ugali tu.

Sikuja kuwaambia muache mahindi. Asemaye hivyo haijui Ufipa. Nimekuja kuzungumzia kipande kidogo cha ardhi kando ya jiko.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo wataalamu wa kilimo wamelisahau mara nyingi, labda kwa kuwa halikuandikwa katika vitabu tulivyosomea. Wafipa wanaijua mboji kuliko sisi tuliotumwa kuja kuwafundisha. Kilimo cha matuta ya duara, yaitwayo ntumba, ni elimu ya wazee wa uwanda huu. Mvua zinapokaribia ukingoni, mkulima huinua tabaka la juu la udongo pamoja na majani yake, akaligeuza ili majani yawe ndani, akalirundika kuwa tuta, na juu yake hupanda maharage au maboga. Wakati wa kiangazi majani yale huoza polepole ndani ya tuta. Mvua mpya zikianza, tuta husambazwa shambani, na ulezi humwagwa juu ya udongo uliokwisha kupata chakula chake. Uwanda huu una miti michache, hivyo ile njia ya kukata matawi na kuyachoma ili kupata majivu, inayotumiwa katika nchi za miombo, haikufaa hapa. Wazee walitafuta rutuba katika nyasi. Ndiyo maana waliweza kulima bila mbolea ya dukani kwa vizazi na vizazi.

Bustani ya nyumbani ni ntumba iliyoletwa karibu na jiko. Sina maelezo mafupi zaidi ya hayo. Chukua kipande cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Upana huo una sababu yake: mtu aweze kufikia katikati kwa mkono akiwa pembeni, bila kukanyaga udongo aliokwisha kuulegeza. Chimba hadi kina cha jembe, weka pembeni udongo wa juu, kisha jaza chini mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuiva, na konzi chache za majivu. Rudisha udongo juu. Mwagia maji, funika kwa nyasi kavu, na uache wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Katika uwanda ambao plau la kukokotwa na ng'ombe limezoeleka, samadi haipaswi kuwa kitu cha kutafuta. Samadi mbichi isitiwe, maana huunguza mizizi na huleta magugu.

Sasa nije kwenye hesabu ya maji, kwa sababu hapo ndipo bustani nyingi hufa. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo hakuna mvua ya kutegemea kwa miezi mitano au sita. Wakati wa kiangazi tuta la mita 3 za mraba linahitaji kiasi cha lita 15 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya ndoo moja ya lita 20. Likifunikwa vizuri kwa nyasi litahitaji kidogo zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Maji yaliyooshea mboga, nafaka na vyombo yanafaa, mradi hayana sabuni nyingi wala mafuta, na yamwagwe kwenye shina, si juu ya majani. Nyumba ya watu sita humwaga maji ya namna hiyo kila siku mlangoni, yakafanya tope na kufuga mbu.

Tuta moja linatoa nini? Tuseme sukuma wiki, iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 45 kila upande. Tuta hilo litachukua miche 14 au 15. Ukichuma majani mawili au matatu ya chini kwa kila mche kwa wiki, utapata majani 30 hadi 45. Hayo ni mboga ya kutosha nyumba kwa siku moja, pengine mbili. Kwa hiyo tuta moja halitoshi, na mtu atakayewaambia kwamba gunia moja la udongo lenye miche kumi litailisha familia anawadanganya. Yanahitajika matuta manne au matano yenye mboga mbalimbali, baadhi yakichumwa huku mengine yakiota. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kwa siku. Nyumba zetu nyingi ziko mbali sana na kiwango hicho, na hata kufika nusu yake kutakuwa hatua kubwa.

Matuta manne ni ndoo mbili au tatu kwa siku wakati wa kiangazi. Nani atazichota? Nikinyamaza hapa, jibu mnalijua: mama yuleyule aliyetoka shambani, mwenye mtoto mgongoni, mwenye kuni kichwani. Bustani inayoongeza mzigo wa mama inaweza kumdhuru mtoto iliyokusudiwa kumsaidia, kwa kuwa muda wa kumlisha unapungua. Kwa hiyo nawaomba kina baba wenzangu tulione jambo hili kama letu. Kuchimba matuta, kujenga uzio na kuchota maji ya bustani ni kazi za mwanamume na za vijana wa nyumba. Tukiwaachia wake zetu kila kitu na kisha tukajivunia bustani mbele ya mgeni, tutakuwa hatukufanya lolote.

Nimetaja uzio. Mtu yeyote aliyejaribu kulima mboga Ufipa mwezi wa Julai anajua adui yake ni nani. Baada ya mavuno ng'ombe na mbuzi huachiwa huru wale mabua, na kitu cha kijani kibichi pekee wanachokiona kwa maili nzima ni mchicha wako. Miiba na mabua yaliyosukwa hufaa kwa msimu mmoja, na uzio wa miti hai, kwa mfano minyaa, hudumu. Aidha, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri za vijiji kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo juu ya mifugo inayozurura ni moja ya zana za lishe, ingawa hakuna anayeihesabu hivyo. Watendaji mliopo hapa mnaweza kulifikisha jambo hili mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya mavuno. Likipelekwa baada ya ng'ombe kuingia bustanini, linageuka kuwa ugomvi wa majirani.

Jambo jingine la kisheria ni mabonde. Watu wengi hulima mboga kandokando ya vijito wakati wa kiangazi, kwa kuwa ndiko kwenye unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Najua katazo hili linauma. Lakini vijito vya uwanda huu vinatoka kwenye milima ya Mbizi na mabonde yake, na tukivilima hadi mdomoni, tutakaokosa maji ni sisi wenyewe. Bustani ya jikoni, inayotumia maji yaliyokwisha kutumika mara moja, ni njia mojawapo ya kupunguza mzigo ule.

Juu ya aina za mboga, nitasema lile tu ambalo hali ya hewa yetu inataka. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Mchicha hudorora wakati huo, na anayeupanda hukata tamaa bure. Sukuma wiki, figiri, karoti, njegere na kabichi huipenda baridi hiyo. Mchicha, mnavu, majani ya maboga na majani ya kunde vingoje joto la Septemba na mvua zinazofuata. Kabichi nina neno nayo. Imekuwa mboga ya heshima. Ndiyo inayopikwa harusini na ndiyo inayonunuliwa na mtumishi mwenye mshahara. Ni chakula kizuri, lakini kwa vitamini A jani jeupe la kabichi haliwezi kulinganishwa na jani la kijani lililokolea la mnavu au la boga, ambalo mtu anaona haya kumwekea mgeni. Kuwadharau mnavu tumejifunza wenyewe, na tunaweza kujifunza kuuheshimu tena.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, tunavyoviita viazi lishe, vinastahili tuta lake. Kiasi cha gramu 125, yaani kiazi kidogo kimoja, kinaweza kumpatia mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A kwa siku. Aina za Kabode na Mataya ziliidhinishwa nchini mwaka 2010. Shida yake kwetu ni marando, ambayo hukauka wakati wa kiangazi, na mvua zikija hakuna cha kupanda. Dawa yake ni kutunza tuta dogo la marando mahali pa kuogea au pa kuoshea vyombo, penye unyevu mwaka mzima, na kuyakata mvua zinapoanza.

Miezi ya Januari hadi Machi, wakati mahindi ya zamani yanapungua na mapya hayajakomaa, ndiyo miezi mizito ya nyumba zetu, nayo ndiyo miezi ambayo majani ni mengi kuliko wakati wowote. Ni wakati wa kukausha. Majani ya kunde na ya maboga yachovywe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachujwe, kisha yakaushwe kivulini penye upepo. Jua kali huua vitamini A, na mboga iliyokaushwa juani kwenye bati huwa na rangi ya majani ya chai na manufaa yaliyopungua sana. Mboga iliyokauka vizuri na kuhifadhiwa kwenye chombo kikavu itaivusha nyumba miezi ya baridi.

Pale jikoni pana mambo matatu ambayo hayagharimu kitu. Vitamini A haichukuliwi na mwili bila mafuta, na Rukwa inalima alizeti. Kijiko cha mafuta katika mboga ya mtoto si anasa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, basi inywewe baadaye, na limau au nyanya mbichi ziandamane na maharage badala yake. Na maharage yalowekwe usiku kucha, maana katika uwanda usio na miti, kuni nyingi huishia chini ya chungu cha maharage, na mama anayeogopa gharama ya kuni hupika maharage mara chache kuliko anavyotaka. Kuloweka hupunguza kuni na hupunguza pia vitu vinavyozuia madini.

Kuhusu uji wa watoto, ulezi urudi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilieneza katika miaka ya 1980 matumizi ya kimea, kitu ambacho mama wa Kifipa anayetengeneza pombe anakijua fika. Pika uji mzito, tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, na uji utakuwa mwepesi bila kuongezewa maji. Mtoto ataumeza kwa urahisi na atapata nguvu nyingi zaidi katika kikombe kilekile. Urudishwe motoni uchemke tena, ili kuua vijidudu. Kuanzia miezi 6 mtoto anahitaji kulishwa mara mbili au tatu kwa siku pamoja na ziwa la mama, na kuanzia miezi 9 mara tatu au nne. Yai moja linalopelekwa sokoni kununua sabuni lingeweza, angalau mara tatu kwa wiki, kubaki nyumbani kwa ajili yake.

Ndugu watumishi wa umma, sasa naomba niwageukie ninyi. Mkataba wa lishe uliotiwa saini kati ya serikali na wakuu wa mikoa mwaka 2017, na kuhuishwa mwaka 2022, unazitaka halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Fedha hizo ni kidogo, ndiyo maana zinastahili kufuatiliwa shilingi kwa shilingi. Siku ya afya na lishe ya kijiji, inayotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, isiwe siku ya kupima watoto, kujaza fomu na kutawanyika. Mpango wa lishe wa Mkoa wa Iringa ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa WHO na UNICEF ulipunguza sana utapiamlo mkali kwa sababu kijiji chenyewe kilisoma matokeo ya mizani yake, kikajiuliza chanzo chake ni nini, na kikaamua kitu cha kufanya kabla ya kupima tena. Elimu ile ilitoka katika nyanda hizihizi zetu.

Na kila nyumba ya serikali ina uwanja. Mwalimu, muuguzi, mtendaji na bwana shamba wanaishi katikati ya wananchi, na wananchi hutazama uani kwao kuliko wanavyosikiliza hotuba zao. Bwana shamba anayenunua fungu la mchicha kwa jirani anawafundisha watu somo, ingawa silo alilokusudia. Shuleni nako bustani isiwe adhabu. Mtoto aliyeshika jembe kwa sababu alichelewa namba atakua akilichukia, naye ndiye tunayemtegemea aje kulima.

Kwa wale watakaotaka kuanza mwaka huu, matuta yachimbwe mwezi wa Aprili, udongo ukiwa bado una unyevu, wakati uleule wazee walipokuwa wakirundika ntumba. Kitalu cha sukuma wiki kisiwe kimechelewa kupita wiki ya mwisho ya mwezi huo, kwa kuwa miche hukaa humo kiasi cha wiki nne, na inapaswa kuwa imeshika mizizi kabla ya baridi ya Juni. Marando yaliyopo yasitupwe baada ya kuvuna viazi. Aliye nayo amgawie jirani.

Nitasimama hapo. Nitapokea maswali, na kwa ruhusa ya mwenyekiti ningependa kuanza na kina mama walioketi nyuma, kwa kuwa wana safari ndefu ya kurudi na jua linashuka.